Waliokusanyika Mdomoni mwa Mwonja Chai

Kiwandani walimwita Mama Ulimi, na mgeni akilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alijua moja kwa moja kwamba huyu ni mwanamke wa umbea, akaanza kuchunga maneno yake. Kumbe wala. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache, na ulimi uliotajwa hapo haukuwa wa kusema bali wa kuonja. Alikuwa mwonja chai wa kiwanda. Kazi hiyo aliianza mtoto wake wa kwanza akiwa bado wa kubebwa mgongoni, akaifanya mpaka mtoto huyo naye akawa na wa kwake wa kubeba.

Chumba chake kilikuwa juu ya ofisi, chenye dirisha refu linalotazama upande usioingiza jua, kwa sababu jua humdanganya mtu kuhusu rangi ya chai. Humo mlikuwa na meza ndefu ya mawe, na juu ya meza vikombe vyeupe vimejipanga kama meno, kila kimoja na chai ya mzigo wake. Asubuhi mvuke ulipanda kutoka vikombe vyote kwa pamoja, ukakutana juu ya meza na kukaa hapo kama wingu lililokosa pa kwenda. Mama Ulimi alipita katikati ya wingu hilo na kijiko mkononi. Alichota, akavuta kwa kishindo, maana chai ya kuonjwa hainywewi kwa adabu, huvutwa pamoja na hewa ili iruke na kugusa kila pembe ya mdomo. Kisha alitulia. Alitazama mbali, kama mtu anayetafuta jina la rafiki wa zamani, halafu akatema kwenye ndoo ya magurudumu aliyokuwa akiisukuma kwa goti, na kusema neno moja.

"Changamfu."

Akaenda kikombe cha pili. "Imepooza."

Cha tatu. "Hii ina usingizi, lakini iacheni, itaamka ikikaa."

Nyuma yake alifuata msaidizi wake, mama wa watoto wawili, mrefu, mwembamba, wakimwita Kalamu kwa kuwa ndiye aliyeandika. Kalamu naye alionja kila kikombe baada ya bosi wake, lakini hakuna aliyemuuliza ameonja nini. Neno lilikuwa moja, na lilikuwa la Mama Ulimi.

Mwenyewe aliipenda kazi ile kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu. Kila kijiko kilimfungulia mlango. Chai nyingine ilimpeleka kwenye bustani iliyonyeshewa na mvua ya jana, nyingine kwenye kabati la nguo za marehemu mumewe, nyingine mahali asipopajua kabisa lakini palipokuwa na taa. Akitoka kazini alikuwa kama mtu aliyerudi safari. Watu wakimsalimia njiani alichelewa kidogo kuitika, si kwa dharau, bali kwa sababu bado alikuwa hajafika.

Alikaa nyumba moja kati ya mbili zilizotazamana katika ua mmoja. Nyumba ya pili ilikuwa ya mdogo wake na mume wa mdogo wake. Huyo shemeji naye alifanya kazi kiwanda kilekile, na hapo ndipo kisa chetu kilipoanzia. Alisimamia ghorofa ya kunyaushia, ile ya juu kabisa, ambako majani mabichi hulazwa juu ya vitanda virefu vya nyavu na feni kubwa huyapulizia kutoka chini hadi yalegee, tayari kushushwa kwenye mashine za kusaga. Yakishushwa mapema, chai hutoka na ukakasi, ule unaobana ulimi kama umeuma ndizi mbichi. Yakichelewa, chai hutoka haina roho. Wa kusema "shusheni" alikuwa shemeji peke yake, na kwa miaka mingi alilisema wakati wake.

Utani wao haukuisha. Asubuhi wakikutana kwenye bomba la uani:

"Shemeji, jana ulitupikia maji ya kuoshea masufuria."

"Hayo yalikuwa maji uliyonawia uso, shemeji. Ndiyo maana ukayatambua."

Mdogo wake alikuwa akiwasikiliza kutoka jikoni, akicheka peke yake.

Sasa, ule ukavu haukuja siku moja. Ulikuja kidogokidogo. Kwanza mkate wa asubuhi ulikataa kushuka bila maji. Kisha akawa akiamka ulimi umegandamana na kaakaa, anaubandua polepole kama stempu kwenye bahasha. Macho yakaanza kuwasha kama yaliyopulizwa mchanga. Vifundo vya vidole vikawa vikimuuma asubuhi, mashavu yakimvimba na kunywea yenyewe. Na juu ya hayo yote ukaja uchovu wa ajabu, uchovu wa kuota macho yakiwa wazi. Alikuwa akisimama mbele ya vikombe na kuona wingu la mvuke limeshuka hadi sakafuni, naye anatembea ndani yake bila kugusa chini. Hakuogopa. Alidhani ni umri.

Mtu mwingine yeyote, mdomo ukimkauka, angejua kwamba mdomo umekauka. Lakini mwonja chai ni kiumbe tofauti. Chochote kinachotokea mdomoni mwake, yeye hukihesabu kuwa ni habari za chai. Basi siku alipochota kijiko, akavuta, na ulimi ukabanwa kwa ukali ambao hakuutarajia, hakujiuliza hata mara moja habari za mdomo wake.

"Ukakasi," alisema.

Kalamu aliandika. Kesho yake, ukakasi. Keshokutwa, ukakasi. Meneja akamwita shemeji, akamwambia majani yako hayanyauki. Shemeji akaongeza muda. Ukakasi. Akafunga madirisha ya upande wa upepo, akasogeza feni, akapunguza kina cha majani vitandani. Ukakasi, ukakasi, ukakasi. Chai ya kiwanda kizima ikawa inauzwa katika daraja la chini, na utani wa bombani ukaanza kukauka nao.

"Shemeji, unanikomoa?" alimuuliza siku moja, na safari hii hakuwa akitania.

"Ningekukomoa ningekudanganya," alijibu. "Ninasema ninachoonja."

Mwishowe meneja alimtoa shemeji juu na kumpeleka chini kabisa, kwenye upakiaji, akabebe masanduku ya chai na kuyapanga ndani ya malori. Mtu mwingine akawekwa kwenye ghorofa ya kunyaushia. Ukakasi haukwisha, lakini meneja alisema mgeni huyo bado anajifunza.

Siku hiyo mdogo wake alivuka ua, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Dada, mume wangu amevunjiwa heshima mbele ya watu aliowafundisha kazi. Kwa neno lako. Na wewe hata chozi la kuigiza huna. Umenikazia macho makavu tu."

  Mama Ulimi alikuwa ameshajaribu kulia, tena kwa kweli, amejifungia chumbani. Kifua kililia, koo likalia, lakini macho yalibaki yakiwasha tu. Akabaki ameshika tama, akijiona kama nyumba ambayo mtu amefunga maji kutoka nje.

Wakakaa hivyo, nyumba mbili zimenuniana katika ua mmoja, kila moja ikisikia vijiko vya mwenzake. Aliyechoka wa kwanza alikuwa shemeji. Siku ya mapumziko, jua la asubuhi likiwa limeingia uani, alitoa viti vitatu nje na kuita.

"Shemeji, njoo bwana. Tutanuniana mpaka lini na kamba ya kuanikia nguo tunayo moja?"

Akaja. Mdogo wake naye akaja, kwa shingo upande. Shemeji alikuwa amepika chai mwenyewe, ameiacha ikolee sawasawa, na alimmiminia shemejiye kwanza. Mama Ulimi alishika kikombe, na kwa mazoea ya miaka akavuta kwa kishindo. Akatazama mbali. Hakukuwa na bustani, wala kabati, wala taa. Kulikuwa na ule mbano tu.

"Huyu mliyemwachia kule juu naye ni walewale," alisema. "Ukakasi."

Shemeji aliangua kicheko. "Nimekukubali. Umerudi na utani wako."

"Utani gani? Nataniaje na kazi yangu?"

Kicheko kikaisha. Shemeji akamtazama mkewe. Mkewe akainuka, akaingia jikoni, akatoka na kopo lenye kifuniko cha buluu.

"Dada, hii siyo chai ya sasa. Hii ni ile uliyotuletea wewe mwenyewe mwaka jana. Ulisema tangu uzaliwe hujaonja kama hii, tuiweke mpaka siku ya furaha. Yeye ndiye aliyesema tuifungue leo, tupatane."

Mama Ulimi alilichukua kopo, akanusa. Akarudi kwenye kikombe, akaonja tena, safari hii taratibu, akiipeleka chai kila pembe ya mdomo kama mtu anayebisha hodi nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyeitika. 

"Sema basi," mdogo wake alinong'ona.

"Chai haina kosa," alisema Mama Ulimi. "Haikuwa na kosa hata siku moja. Mwenye kosa ni mdomo wangu."

Mdogo wake alimshika mkono. Shemeji alimimina chai yake yote chini, akajimiminia nyingine, kisha akasahau kuinywa.

"Usimwambie mtu," alisema baadaye. "Nenda hospitali kwanza. Masanduku hayajaniua. Mabega si ninayo?"

Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi, mwenye tabia ya kuvua viatu chini ya meza. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua vipande viwili vyembamba vya karatasi, akavining'iniza kwenye kope za chini, kimoja kila jicho, na kumwambia afumbe macho.

"Tunasubiri nini?" aliuliza Mama Ulimi gizani.

"Machozi yalowanishe karatasi."

"Nifikirie jambo la huzuni?"

"Huna haja. Jicho zima hulowanisha lenyewe."

Daktari alipovitoa, alivitazama, akavilaza mezani. Vilikuwa vikavu kama vilivyotoka kwenye pakiti. Mama Ulimi akavitazama kwa muda mrefu. Aliomba apewe kimoja akamwonyeshe mdogo wake, na daktari, ingawa hakuelewa, akampa.

Damu ilitolewa, na siku nyingine akaitwa tena. Daktari alimkunjua mdomo wa chini, akautia ganzi, akachana kidogo kwa ndani na kutoa tezi chache za mate, ndogo kama punje za mchele. Kumbe mdomo umejaa hizo, mamia, zikilowanisha mchana na usiku bila mtu kuzishukuru. Zilipelekwa maabara. Majibu yaliporudi daktari alivua viatu, akaanza:

"Mama, mwili wako una askari wake…"

"Daktari, samahani. Kama unao hao askari, nionyeshe. Mimi ni mtu wa kuona kikombe mbele yangu."

Daktari akacheka, akamgeuzia skrini. Ilikuwa picha ya kile kipande kilichotolewa mdomoni, kimekuzwa mpaka kimekuwa kama ramani ya mji unaoonekana kutoka angani. Kulikuwa na viwanja vya rangi ya waridi, na katikati vichochoro vyeupe.

"Hivi vyeupe ni mifereji. Mate hupita humo kuja mdomoni. Na hizi," kidole chake kikagusa kundi la nukta za zambarau zilizosongamana kuzunguka mfereji, "hizi ni chembe za kinga. Kazi yao ni kutengeneza kingamwili, zinazokwenda kunasa vijidudu vikiingia mwilini."

"Kwao ni hapa?"

"Hapana. Makao yao ni zile tezi zinazovimba shingoni ukiwa na kidonda kooni, na wengu, na ndani ya mifupa kwenye uboho. Mdomoni hupita moja moja, zinakagua, zinaondoka. Kwako zimehamia. Tazama, kundi hapa, kundi hapa, na hapa. Kila penye mfereji, zimeuzunguka. Na zikiwa hapohapo zinatengeneza kingamwili ambazo hazinasi kijidudu chochote. Zinanasa vitu vya mwili wako mwenyewe. Kwenye tezi za machozi nadhani ni hivyohivyo."

Mama Ulimi aliisogelea skrini. Zilikuwa nzuri, zile nukta. Zilimkumbusha watu waliokaa kuzunguka moto.

"Nani aliziita?"

"Mwanzo wake hatuujui. Pengine kijidudu fulani kilipita zamani, kikaacha vurugu. Lakini tezi ikishaumia, yenyewe hutoa ishara za kuziita, na hutoa cha kuzifanya ziishi. Ndiyo maana haziondoki."

"Kwa hiyo nimewakaribisha na ninawalisha."

"Bila kujua, mama. Hilo siyo kosa lako."

"Na zinajuaje hiki ni cha mwili, hiki ni cha nje?"

"Kwa kugusa. Kila chembe ina vijipokezi juu yake, inagusa kitu, kama inakitambua inapiga kelele."

"Inaonja."

Daktari aliinua mabega. "Tuseme inaonja."

"Imeonja cha kwetu, ikasema kibovu."  Kisha akauliza lile lililomleta. "Unaweza kuwatoa?"

Daktari hakukwepa. Alimwambia kuwatoa wote haiwezekani. Kuna kidonge cha kutuliza viungo na huo uchovu, kingine cha kuziamsha tezi ambazo bado ziko hai. Kuna matone ya macho. Maji yawe karibu naye kila saa, meno ayalinde kama mayai. Na arudi kila baada ya miezi kadhaa, kwa sababu mara chache makundi ya namna hiyo yakikaa sana hugeuka kitu kibaya zaidi, aina ya saratani, na kitu hicho hutaka kuonekana mapema.

"Na kazi yangu?"

"Ulimi wenyewe ni mzima. Lakini ulimi huonja kile mate yanachouletea. Utapata nafuu, mama. Utakula, utazungumza, utalala. Lakini nikikuambia utarudi kuamua chai ya kiwanda kizima, nitakuwa nakudanganya."

Alirudi nyumbani mchana, akafunga pazia, akalala na nguo zake. Akaota.

Aliota anaingia kwa mlango mdogo wenye kuta laini za waridi. Ndani mlikuwa na kichochoro kirefu, na kila hatua chache kijito kilipita, chembamba, karibu kukauka. Kando ya kila kijito watu walikuwa wamekaa wameshikana mabega. Walikuwa wametundika nguo zao kwenye misumari na kuinjika sufuria, wengine wamelaza watoto. Hawakuwa wabaya. Walikuwa na ule utulivu wa watu waliofika mahali na kupapenda. Wote walivaa makoti meupe kama lake, na kila mmoja alishika kijiko. Wanachota kwenye kijito, wanavuta kwa kishindo, wanatazama mbali, wanasema kwa pamoja: ukakasi. Na kila waliposema, kijito kilipungua.

"Jamani," aliwaambia, "hii ni ya kwetu. Ni maji ya nyumbani."

Mmoja alimgeukia kwa heshima. "Mama, sisi tunasema tunachoonja."

Alitaka kumjibu, akashindwa, kwa kuwa sauti ile ilikuwa yake mwenyewe. Basi akasimama tu. Wakasogeleana, wakamwachia nafasi, naye akakaa kati yao kwa muda mrefu, mwangaza wa waridi ukimwangukia mikononi.

Alipoamka jua lilikuwa bado lipo. Kutoka ng'ambo ya ua alimsikia shemeji akijinyoosha mgongo na kuguna, guno la mtu aliyebeba masanduku siku nzima na hataki kusikika. Mama Ulimi alikaa kitandani akisikiliza. Alifikiri juu ya wale watu wa kijitoni. Wao hakuna mtu wa kwenda kuwaambia wamekosea, wakamwelewa. Yeye ameambiwa, na ameelewa. Tofauti hiyo, aliona, ndiyo yote aliyonayo.

Asubuhi alimwomba meneja apande chumba cha kuonjea. Meneja alikuwa mtu laini, mwenye kuzungumza akitazama dirisha. Kalamu alikuwa pembeni akisuuza vikombe. Mama Ulimi alisema yote, akisimama kila mara kunywa maji. Alieleza mdomo, tezi, yale makundi. Alisema chai ile ya miezi yote haikuwa na ukakasi.

Kalamu aliacha kusuuza. "Mimi niliiona nzuri," alisema polepole.

"Mbona hukusema?"

"Nikuambie wewe? Nilidhani ulimi wangu ndio umeharibika."

Meneja alitazama dirisha. "Nani mwingine anajua?"

"Daktari, mdogo wangu, na shemeji yangu."

"Basi ni watu wa nyumbani." Akapumua. "Sikiliza, mama. Jina lako ndilo linalouza chai hii. Hakuna sababu ya kulivunja. Tutasema umeamua kupumzika, na tutakuaga vizuri. Shemeji yako atarudi juu, tutasema amejirekebisha. Kalamu atashika kijiko. Kila mtu atakuwa amepona."

Sitasema njia hiyo haikumvuta. Ilimvuta sana. Alikuwa amechoka, na maneno yale yalikuwa kama godoro. Aliona siku ya kuagwa, watu wamesimama, jina lake likitajwa likiwa safi kama kikombe. Angeweza kulala juu ya hayo na kuota maisha yake yote yaliyobaki.

"Amejirekebisha nini?" aliuliza.

Meneja aligeukia dirisha.

"Hana alichojirekebisha. Akirudi juu kwa neno hilo, kila akisema 'shusheni' watamtazama kama mtu aliyesamehewa. Wanunuzi ni wako, waambie unavyotaka. Wa ghorofa ya kunyaushia nitawaambia mimi."

"Wakikucheka?"

"Watakuwa wamecheka."

Meneja alijikuna kidevu. Mwisho akasema, "Basi iwe zamu zikibadilishana, kazi isisimame," na hiyo ilikuwa ruhusa.

Ghorofa ya kunyaushia ilikuwa ndefu kiasi kwamba mwisho wake ulipotea katika ukungu wa pumzi za majani. Maana majani yakinyauka hupumua, na harufu yake ni kama ya tunda lililopasuliwa sasa hivi. Mama Ulimi alipanda ngazi, akipumzika katikati. Waliomaliza zamu na walioingia walikuwa wamesimama pamoja kati ya vitanda. Shemeji alikuwa ameitwa kutoka upakiaji, yuko nyuma kabisa, vumbi la chai mabegani, akimtazama kwa macho ya kumkataza.

Mtu mmoja alizima feni zilizo karibu. Kukawa kimya.

"Mnanijua," alianza. "Mimi ndiye niliyesema chai yenu ina ukakasi. Nimekwenda hospitali, nimeonyeshwa. Chembe za kinga za mwili wangu zimejikusanya ndani ya mdomo, kwenye tezi za mate, na zinazikausha. Nilikuwa naonja ukavu wangu, nikauita chai." Ulimi ulimganda. Alikunywa maji, hakuharakisha, wakamngojea. "Majani ya hapa yalinyauka sawasawa kila siku. Shemeji yangu hakukosea hata siku moja. Niliyekosea ni mimi. Nilitaka mlisikie kwangu, msilisikie kwenye ngazi."

 Halafu mama mmoja mtandaza majani, mnene, mwenye kitambaa cha njano kichwani, akauliza:

"Kwa hiyo ile chai tuliyokuwa tunapewa kwenda nayo nyumbani, tukiambiwa ni mbovu, ilikuwa ya daraja la juu?"

"Ya juu kabisa."

"Na mimi niliyekuwa namkoromea mume wangu aiache nzuri ya dukani, anywe hiyo mbovu!"

Wakacheka, kwanza wawili watatu, kisha wote, na hata yule mgeni aliyewekwa juu akacheka, tena kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. Kicheko hicho hakikumuuma Mama Ulimi kama alivyotarajia. Kilimpita kama upepo wa feni.

Shemeji alikuja mbele, watu wakampisha. Alisimama karibu naye.

"Umemwaga unga wako mwenyewe, shemeji," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Ulikuwa umeshaingia maji."

"Na mabega yangu yalikuwa yameanza kupendeza. Mdogo wako ameyasifia."

"Anakudanganya. Anakuhurumia."

Shemeji alitaka kucheka, lakini uso ulimgeuka, akaugeuzia upande wa vitanda ili watu wasiuone. Mgeni alimkaribia, akamwuliza kwa adabu kama mzigo wa kitanda cha kwanza uko tayari, kwa sababu mashine chini zinangoja na yeye tangu alfajiri alikuwa akibahatisha tu.

Shemeji alikunja mkono wa shati. Aliuzamisha mkono ndani ya majani mpaka kwenye kiwiko, akakamata konzi, akaibana, akaifungua karibu na sikio lake na kusikiliza jinsi inavyojikunjua. Watu wote wa zamu mbili walikuwa wakimtazama, na Mama Ulimi alikuwa ameketi kwenye ngazi, chupa ya maji mapajani, akimtazama pamoja nao.

"Bado," alisema shemeji.

Wakawasha feni, wakangoja.